Bata wa Mama

Majibu ya maabara yalinikuta nimeshika bata mfu kwa miguu, nikikagua manyoya ya tumboni kama wadudu wameingia. Nilipoyasoma nilimlaza yule bata mezani taratibu, nikavua glavu, kisha nikatoa tusi ambalo mama yangu angekuwa hai angenizaba kofi kwa kulisikia.

Mimi ni mtunzaji wa ndege katika makumbusho. Si ndege hai. Walio hai wana watu wao. Wangu wamekaushwa, wametiwa pamba matumboni, wamelala chali kwenye droo za chuma, kila mmoja na lebo mguuni inayosema ni nani, alipatikana wapi na nani alimleta. Ukivuta droo hii unakuta spishi moja. Ukivuta ile, spishi nyingine. Hivyo ndivyo dunia ilivyopangwa chumbani mwangu, na harufu ya dawa ya wadudu imenikaa nguoni kiasi kwamba nikiingia dukani watu hunipisha kwenye foleni.

Droo moja, ile ya karibu na dirisha, ina bata watatu tu. Wana migongo myeusi yenye madoa hafifu, na midomo yao ni ya njano iliyochafuliwa na buluu. Baba yangu ndiye aliyewapata, wote siku moja, kwenye bwawa moja, enzi hizo yeye akiwa mtunzaji wa chumba hiki hiki. Akawapima, akawalinganisha na kila bata aliyemjua, akatangaza kwamba hii ni spishi mpya ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiandika. Akaipa jina la mama yangu, likatiwa mkia wa Kilatini kama ilivyo ada ya majina ya kisayansi. Nyumbani hatukuuhitaji mkia huo. Tulimwita Bata wa Mama, basi.

Usidhani lilikuwa pambo la mapenzi. Ulikuwa ugomvi. Baba na mama walitoka kwa watu wawili ambao hawakuwa na desturi ya kuoana, na upande wa baba ulimkataa mama mchana kweupe. Bibi mzaa baba aliapa kutolitamka jina lake mpaka anaingia kaburini. Alimwita "yule." Yule amepika? Yule amejifungua? Sisi watoto wake tuliitwa chotara kabla hatujaota meno. Baba si mtu wa kelele. Alisubiri, akapata bata wake, akaliweka jina la mkewe mahali ambapo ukoo mzima usingeweza kulifikia kulifuta: katika vitabu vya ndege vya dunia nzima. Kisha akachukua kitabu kimoja, akampelekea bibi, akamfungulia ukurasa na kumwomba asome kwa sauti. Bibi akasema miwani yake imepotea, na miwani ilikuwa usoni.

Mama alishatangulia. Baba alistaafu, nami nikashinda usaili wa nafasi yake, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba nilirithishwa. Waseme. Nilikuwa nimelizoea jina la chotara. La mtoto wa mkubwa lingenifanya nini?

Sasa, kwa miaka ya karibuni wataalamu wengine wa bata walianza kunong'ona. Mbona ndege huyu hajaonekana tena? Mbona wako watatu tu? Minong'ono ile ilinikera. Nikakata vipande vidogo vya ngozi kwenye nyayo za wale watatu, nikavipeleka maabara vipimwe vinasaba, pamoja na vipande vya bata wengine wa kulinganishia. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuwaziba watu midomo.

Majibu yalisema hivi: Bata wa Mama si spishi, ni chotara. Baba yao ni bata wa bwawani, yule mwenye mdomo wa njano ambaye hata mtoto wa shule anamjua. Mama yao ni bata wa mtoni, mweusi, mwoga, anayependa maji yanayokimbia na hataki kuonana na mtu. Zamani hao wawili walikuwa hawakutani sana. Kisha watu wakaziba mto wakapata bwawa, na bata wakapata majirani. Na kilichonimaliza ni mstari wa mwisho: wote watatu ni ndugu wa tumbo moja.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa la baba, na ni kosa ambalo mtu asiyefanya kazi yetu hawezi kulifanya hata akitaka. Sisi tumefundishwa kwamba ndege mmoja wa ajabu si kitu, anaweza kuwa kilema au chotara. Lakini ukipata watatu wanaofanana mpaka unyoya, umepata kundi, na kundi ni spishi. Baba alipata watatu wanaofanana. Hakuwaza kwamba walifanana kama mimi na kaka yangu tunavyofanana, kwa sababu walitotolewa kiota kimoja.

Wasiojua bata wataona ni maajabu. Wanaowajua watacheka. Katika ndege wote hakuna wanaoruka mipaka kama hawa. Wewe andika kitabu, chora mstari, sema huyu ni huyu na yule ni yule. Bata ataangalia huku na huku, ataona jike linalompendeza, na mstari wako ataupitia chini akiogelea. Na si kwamba watoto wao ni tasa kama nyumbu. Wengi wanazaa vizuri tu.

Na najua unachofikiria. Mtoto chotara, bata chotara, jina la mama: fumbo limejifumba lenyewe. Naomba uliache. Mimi si fumbo la mtu, na bata wale hawakuzaliwa ili wanieleze mimi. Nilichokuwa nacho mkononi asubuhi ile ni karatasi inayosema jina la mama yangu linatoka vitabuni, na aliyeliponza ni mimi. Nimelikoroga, sasa nilinywe.

Nilianza na mkurugenzi kwa sababu ndiyo taratibu. Tunamwita Bwana Utaratibu, na si kwa kumsifu. Shati lake limenyooka hata saa za kufunga kazi, kalamu zake zimelala mezani kwa urefu. Aliyasoma majibu mara mbili, akayaweka chini ya kitabu kizito kana kwamba yangeweza kuruka.

"Nani mwingine anajua?"

"Maabara. Mimi. Sasa na wewe."

"Na mzee?"

"Bado. Namwambia leo."

"Haraka ya nini, dada?" Akashusha sauti, akawa mpole kama daktari wa meno. "Mzee ameshakula chumvi nyingi. Tumwache na heshima yake. Siku yake ikifika, tunatoa taarifa kimya kimya, mambo yanaisha. Makumbusho hayajapata aibu, yeye hajaumia, wewe hujalaumiwa."

"Unaniambia nisubiri baba yangu afe."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo kwa maneno marefu."

Akafunga macho kidogo, mtu mwenye subira akijaribiwa. "Mimi nafikiria jina la taasisi. Na hao bata, kwa sasa, wahamishie kwenye boksi. Wasikae kwenye droo ya spishi wakati si spishi."

Boksi lenyewe liko chini ya sinki la chumba changu. Ni la kadibodi, limeandikwa MAKOSA kwa kalamu nene, na ni la zamani kuliko hata baba. Humo hutupwa ndege wasio na droo, yaani machotara, kwa kuwa makabati yetu yametengenezwa kwa spishi moja moja, na ndege mwenye baba huku na mama kule hana pa kulala. Kila mtunzaji amelikuta na kila mtunzaji ameliongezea. Baba mwenyewe aliweka humo bata kadhaa, kwa mkono wake, bila kusita. Na sasa Bwana Utaratibu alitaka Bata wa Mama awafuate.

"Makosa ya nani?" nilimuuliza.

"Samahani?"

"Boksi limeandikwa makosa. Bata alipata mwenzake, akatotoa, akalea. Alikosea wapi? Tuliokosea ni sisi tuliompa jina. Kama ni boksi la waliokosea, basi tuingie sisi, tena tutabanana."

"Dada, usilete siasa kwenye kabati."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia, nikainuka.

Kaka yangu mkubwa ndiye anayeishi na baba. Ni fundi wa majokofu, mtu wa utani, na nilimpigia nikitumaini atanipa moyo. Nikamweleza yote.

"Yaani hata bata wenyewe walitujua," akasema, akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Sikiliza, mdogo wangu. Usimwambie."

"Lazima."

"Lazima gani? Yule mzee amebakiwa na vitu viwili, redio na bata wale. Redio yenyewe imekufa spika. Utamuua."

"Nikinyamaza mimi, atakuja mtu baki kusema. Unataka asome gazetini kwamba binti yake alijua?"

"Nataka afe akiwa na furaha."

"Mbona leo kila mtu ana haraka ya kumzika?"

Akanikatia simu. Nilikwenda hivyo hivyo, alasiri ile ile, kwa sababu najijua: nikilala na jambo, kesho yake nakuwa na busara.

Nilimkuta baba jikoni akimenya viazi kwa kisu kile kile cha upasuaji alichochunia ndege maisha yake yote. Tulishakata tamaa ya kumkataza. Maganda yake yanatoka membamba hata ukiyainua juu unaona mwanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na sura ya msiba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi vuta kigoda, umenye."

Nikavuta kigoda lakini sikumenya. Kuna watu wanaojua kuzunguka na habari mpaka ikapoa. Mimi sikupewa kipaji hicho.

"Baba, nilipeleka Bata wa Mama wakapimwe vinasaba. Majibu yametoka. Ni chotara."

Kisu hakikusimama. Alimaliza kile kiazi, akakitia kwenye maji, akachukua kingine.

"Wa nani na nani?"

"Baba wa bwawani. Mama wa mtoni."

"Mmoja wao?"

"Wote watatu. Ni ndugu, baba. Tumbo moja."

Hapo kisu kikasimama. Kaka alikuwa ameshafika mlangoni, kitambaa cha vyombo begani, akinitazama kwa macho ya nilikwambia.

"Nani aliwapeleka?" baba akauliza.

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hasira zangu. Walikuwa wanakusema."

"Waliponisema wao sikuumia." Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi naiogopa ikiwa ndogo. "Toka."

"Baba..."

"Nimesema toka nyumbani kwangu."

"Sitoki," nikasema. Kaka akashika kichwa. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akileta ndege usiyemtaka, humfukuzi mtu, unamtazama ndege. Ndege huyu hapa." Nikaiweka karatasi mezani, katikati ya maganda.

Alinitazama machoni. Nina macho ya mama, kila mtu anasema, na sijui kama yalinisaidia au yaliniponza. Kisha akafuta mikono kwenye suruali, akamwambia kaka alete miwani. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Mimi na kaka tulikaa kama watuhumiwa wawili wa kesi moja.

"Mmoja ni ajabu," akasema, kama anajisemesha, "wawili ni bahati, watatu ni spishi. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyofundisha wengine. Nikatafuta mashahidi watatu. Kumbe wote wametoka chumba kimoja."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, kaka naye akacheka kwa kumfuata, na mimi nikaona kwamba baba hacheki tena. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipomzika mama. Niliumia mpaka nikatamani ningekuwa na akili za kaka. Lakini sikujuta, na hilo nalisema wazi, maana wengi wangependa nijute.

Alipotulia aliuliza swali moja tu.

"Jina lake litakwenda wapi?"

"Litaondolewa kwenye orodha. Kanuni unaijua, baba. Chotara hawapewi jina la spishi."

"Na haliwezi kuhamishiwa kwa wale wa bwawani? Au wa mtoni?"

"Hapana. Wana majina yao."

Akaitikia kwa kichwa. Aliijua kanuni kuliko mimi; alitaka tu kuona kama nitamdanganya. "Na mkurugenzi wenu anasemaje?"

Kaka alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikausogeza mguu, nikaeleza yote: siku yake ikifika, kimya kimya, boksi la chini ya sinki. Nilimwona baba akibadilika nikiwa naeleza. Mgongo ulinyooka kwanza, kisha shingo. Machozi yalikuwa bado yako mashavuni, lakini mtu aliyekuwa nyuma ya machozi hayo alikuwa mwingine kabisa.

"Kesho unipeleke," akamwambia kaka.

"Baba, magoti yako..."

"Magoti ni yangu. Wewe kazi yako ni kunifikisha."

Asubuhi yake baba aliingia kwenye chumba cha ndege amevaa koti la kazi la zamani, lililomlegea mabegani. Kaka alimshika mkono wa kulia. Wa kushoto aliukataza usiguswe. Bwana Utaratibu alikuja mbio kutoka ofisini, akaleta kiti chenye mto, akaagiza chai, akauliza afya mara nyingi kuliko kawaida.

"Mzee wangu, ungetuma neno tu, tungekuja sisi."

"Nimekuja kuwaona wanangu kabla hujawatia kwenye boksi."

Mkurugenzi alinitupia jicho. Nikalipokea, nikalirudisha kama lilivyo.

"Mzee, hakuna anayetaka kukuvunjia heshima," akasema. "Tena ni kinyume chake. Nimefikiria usiku kucha. Tunaweza kuyaacha mambo yalivyo. Majibu ya maabara ni yetu, hatulazimiki kuyatangaza. Jina la marehemu linabaki vitabuni. Droo inabaki. Hakuna anayeumia."

Lazima niseme ukweli: kwa kitambo kidogo nilitamani baba akubali. Jina lilikuwa pale, kwenye zile lebo tatu nyekundu tunazowafungia ndege wa kwanza wa spishi mpya, kwa mwandiko wa baba alipokuwa kijana. Kukubali kungekuwa rahisi, na kaka angenisamehe. Baba aliniomba nivute droo.

Aliwatazama wale watatu bila kuwagusa. Kisha akaniomba nivute droo ya bata wa bwawani, kabati la kwanza, na ya bata wa mtoni, kabati la mwisho kabisa ukutani kule. Nikazivuta.

"Ona walivyo mbali," akamwambia mkurugenzi. "Chumba kizima kati yao. Mimi ndiye niliyewapanga hivyo. Nikajenga ukuta wa makabati, halafu nikashangaa kumwona mtoto wao. Niliona ndege ambaye hayumo kwenye droo zangu, nikasema ni kabila jipya. Sikuwaza kwamba droo ndizo zilizokosea."

"Lakini mzee, bila droo hakuna elimu. Spishi ni spishi. Hawa machotara ni ajali, ni wachache. Ndiyo maana wana boksi lao, ili wasiwachafulie walio safi."

"Walio safi," nikasema.

Nilikuwa nimejizuia tangu jana. Maabara ilikuwa imenipa majibu ya bata wote niliowapeleka, wa kulinganishia wakiwemo, na kurasa hizo Bwana Utaratibu hakuzigusa. Aliishia kwenye aibu ya ukurasa wa kwanza. Nikaenda kwenye kabati la kwanza, nikamchukua bata wa bwawani aliyelala mbele, mnene, mdomo wa njano kama ndizi, ndiye tunayemwonyesha kila mgeni tukisema bata wa bwawani ni kama huyu. Nikamlaza kwenye viganja vya mkurugenzi kabla hajapata nafasi ya kukataa.

"Huyu bibi yake alikuwa wa mtoni," nikasema.

"Haiwezekani. Huyu ni mfano wetu."

"Ukurasa wa tatu. Na mwenzake wa pili kutoka kushoto, vivyo hivyo. Nilipeleka vipande vichache tu. Ukitaka tupime droo nzima, tutapima. Ila uandae maboksi ya kutosha, mkurugenzi, maana ukianza kuwatupa wasio safi, sijui utamwacha nani humu."

Kaka alikohoa ili asicheke. Bwana Utaratibu alisimama na bata mikononi, hajui pa kumweka, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kidogo. Si mtu mbaya. Anapenda tu kila kitu kikae mahali pake, na hajawahi kuwa kitu kisicho na mahali.

Nilipiga magoti, nikalivuta boksi kutoka chini ya sinki. Chini lilikuwa limelowa, vumbi limegandamana na mavi ya mende. Nikatoa ndege mmoja baada ya mwingine nikawapanga mezani, wengine manyoya yamekatika, wengine hawana kichwa, wote wameandikwa majina mawili na alama ya kuzidisha katikati, la baba upande huu, la mama upande ule. Kisha nikafungua ile droo ya pale kati ambayo miaka yote tumeweka sukari, vikombe na majani ya chai, nikavitoa vyote nikavirundika kwenye kiti chenye mto.

"Unafanya nini?" mkurugenzi akauliza.

"Wanahama."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna."

Baba alikaa akitazama mpaka droo ikajaa. Bata aliowaweka yeye boksini alikuwa anawatambua. Mmoja alimshika akampangusa vumbi kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Bwana Utaratibu, ambaye alikuwa bado hajaishiwa maneno.

"Basi tuandike kwa upole, mzee," akasema. "Tuandike *huenda*. Huenda ni chotara. Utafiti unaendelea. Hapo jina la marehemu linabaki angalau kwenye mabano. Nadhani hata yeye angependa."

"Ulimjua mke wangu?"

"Sikubahatika."

"Basi nikueleze. Watu wangu walimkataa, akaingia. Walikataa kulitamka jina lake, akaitika hilo hilo 'yule' kwa sauti ya juu mpaka wao ndio wakaona haya. Hajawahi kukaa mahali kwa kuhurumiwa. Hatakaa kwenye kitabu chako kwa kuhurumiwa." Akanigeukia. "Chukua kalamu."

Nikachukua karatasi na kalamu, nikakaa ukingoni mwa meza.

"Jina langu lianze, lako lifuate. Andika kwamba niliyeitangaza spishi hii ni mimi, na ninayeifuta ni mimi."

Nikaandika.

"Andika kwamba hawa watatu ni ndugu, baba yao wa bwawani, mama yao wa mtoni. Andika kwamba walikuwa wazima, wanene, wamekamilika kila kitu. Usiandike kosa. Niliyekosea ni mimi, bata hawakukosea."

Nikaandika.

"Andika: spishi haipo."

Hapo mkono ukanigomea. Mimi niliyemjibu mkurugenzi, niliyekataa kutoka jikoni, niliyemwaga boksi la watu bila ruhusa, nikashindwa kuandika maneno mawili. Nililitazama jina la mama kwenye ile lebo nyekundu, wino umefifia, herufi ya kwanza imekunjwa kwa madaha ya mtu aliyekuwa anapenda.

"Siwezi, baba."

"Wewe? Jana nilikufukuza ukakaa."

"Hili ni jina la mama."

"Najua ni la nani. Nililiandika mimi." Akaweka mkono wake juu ya wangu, mzito, mkavu, unanuka viazi. "Mama yako hakuwa spishi, mwanangu. Alikuwa mke wangu. Andika."

Nikaandika.